Analipa kila jioni, lakini eti hana historia

Katika Butembo na Beni, mashariki mwa Kongo, hakuna anayelipa deni kwa uaminifu kumshinda motari, dereva wa pikipiki ya abiria, wala hakuna anayenyimwa mkopo kwa wepesi kumshinda huyohuyo motari. Kila jioni, siku sita kwa juma, kijana anasimamisha pikipiki isiyo yake mbele ya lango la mwenyewe, anahesabu noti zilizolowa jasho, anazikabidhi, anaondoka. Hiyo ndiyo versema. Wenzetu wa Tanzania huiita hesabu ya bosi. Kijana atafanya hivyo mwaka wa kwanza, wa pili, hata wa tano. Halafu siku atakapoingia katika ofisi ya kooperative ya akiba kuomba dola chache anunue pikipiki yake, bwana mmoja mwenye tai atamtazama toka viatu hadi kofia na kumwambia kwamba hana historia ya mkopo.

Hana historia! Mtu aliyelipa zaidi ya mara elfu moja, kwa mvua na kwa jua, risasi zikilia na zisipolia, hana historia. Nasema bila kuuma maneno: huu ni uongo, tena ni uongo unaoshibisha watu.

Wasiojua kazi hii wanisikilize kidogo. Mwenye pesa ananunua TVS au Bajaj Boxer, nyingi zikiwa zimeingia kwa mpaka wa Kasindi. Anamtafuta kijana, wanapatana kwa mdomo kiasi cha kila siku, basi, mkataba umekwisha. Hakuna karatasi. Mafuta ni ya kijana. Tairi likitoboka, waya wa klachi ukikatika, ni juu yake. Injini ikifa ndipo wanaanza kuvutana. Polisi wa barabarani akimsimamisha, kijana ndiye anayejua atazungumza naye vipi. Mvua ikianza alfajiri na kumalizika saa tisa, udongo mwekundu wa Butembo ukageuka sabuni, versema haipungui. Na zile siku za mji kufa, maduka yote yamefungwa na vijana wamechoma matairi njiani, kuna bosi anayesamehe na kuna bosi anayesema mambo ya siasa hayamhusu, yeye anangoja pesa yake.

Tufanye hesabu ya mfano tu, maana kila bosi ana kiasi chake. Weka dola tano kwa siku, siku sita. Ni dola 30 kwa juma. Kwa majuma 52 ni dola 1,560. Sasa nenda kwa muuza pikipiki yeyote pale mjini, muulize bei ya TVS mpya, halafu rudi uniambie ni nani aliyeinunua ile inayolala kwa bosi.

Haba na haba hujaza kibaba, tulifundishwa shuleni. Hakuna mwalimu aliyetwambia tuulize kibaba ni cha nani.

Sisemi kwamba kila mwenye pikipiki ni mnyonyaji. Najua wajane walioweka pesa yote ya matanga katika pikipiki moja, na versema ndiyo inayolipa shule ya watoto. Najua walimu ambao mshahara wa serikali haujawahi kuwafikisha mwisho wa mwezi. Hao sigombani nao. Ninaogombana nao ni wale wenye pikipiki kumi, kumi na tano, wanaobadilisha vijana kama mtu abadilishavyo mashati, na ambao kitu wanachokiogopa kuliko wezi ni siku motari wao atakapopata yake.

Tuingie sasa katika ile ofisi.

Jambo la kwanza atakaloulizwa ni parsele, yaani kiwanja. Una parsele? Una karatasi zake? Haya, mtazame huyu kijana ametoka wapi. Baba yake alikuwa na shamba la kakao upande wa Mbau, au wa Eringeti, au hapo karibu kabisa, Mayangose, ambapo zamani watu wa Beni walikwenda asubuhi kwa miguu na kurudi jioni na mkungu wa ndizi kichwani. Tangu Oktoba 2014 watu wanachinjwa katika mashamba hayo. Familia ikakimbilia Boikene, au Oicha, au ikashuka mpaka Butembo na kupanga chumba kimoja Furu. Shamba lipo. Miti ya kakao bado inazaa. Mwaka 2024, tani moja ya kakao ilipita dola 10,000 katika masoko ya dunia, na wenye mashamba walikuwa wakipanga foleni ya unga. Nani anavuna kakao hiyo leo? Wenyewe mnajua, mimi sitaongeza. Lakini mweleze bwana mwenye tai kwamba dhamana yako ni hekta mbili za kakao ambazo ukikanyaga unakufa. Atakuandikia nini katika fomu yake?

Jambo la pili, kitambulisho. Hapa ndipo ninapotaka kupiga kelele. Katika nchi yetu, kwa miaka na miaka, kitambulisho ni kadi ya mpiga kura. Tarehe 30 Juni 2023 tuliona Rais akipokea kadi ya kwanza ya uraia kwa shangwe nyingi. Motari wa Kimemi, hapa Butembo, bado anaingojea ya kwake. Basi ni kadi ya kura. Kura ipi? Tarehe 26 Desemba 2018, siku nne kabla ya uchaguzi, CENI, tume ya uchaguzi, ilitutangazia kwamba Beni na Butembo hazitapiga kura pamoja na Wakongo wengine, kwa sababu ya Ebola na usalama. Watu wa Beni wakajipangia kura yao wenyewe, wakatengeneza masanduku yao, wakapanga mistari na kunawa mikono kabla ya kupiga, kuuonyesha ulimwengu kwamba inawezekana. Sisi tukaitwa tarehe 31 Machi 2019, Rais akiwa amekwisha kuapa tangu Januari. Mwaka 2023 zamu ikawa ya Masisi na Rutshuru, nako uchaguzi haukufanyika kwa sababu ya vita, na wengi wa huko leo wamelala katika shule na makanisa ya Lubero na Butembo. Nchi iliyotunyima kura inatuomba kadi ya kura ili tukope dola mia nane. Aliyepoteza kadi akikimbia usiku anaambiwa atafute cheti cha kupoteza, na cheti nacho ni pesa, na ofisa naye yuko safarini.

La tatu ni mdhamini, yule tunayemwita avalizeri. Awe na mshahara, awe na jina. Motari anamjua nani mwenye mshahara na jina? Anamjua bosi wake. Niambie basi: bosi atatia saini ili umwache?

Kwa hiyo anatoka. Kesho yake saa kumi na moja alfajiri yuko kituoni, pikipiki ya watu chini yake.

Ukuta huohuo wa historia wamekutana nao hata ndugu zetu waliofika mbali. Walitoka Beni na vijiji vyake, wakavuka Uganda, wakakaa miaka katika kambi za Kyangwali, Kyaka II, Rwamwanja, kisha wakahamishiwa Marekani. Wengine walikwenda kwa viza ya masomo au ya kazi. Wote hupiga simu wakilalamikia jambo moja. Huko bila gari hufiki kazini. Mtu anakwenda mahali pa kukodisha gari kwa mwaka mmoja au miwili, mshahara anao, leseni anayo, anaulizwa alama yake ya mkopo. Hana. Anaulizwa viza yake inakwisha lini, maana hawataki mkataba wa gari upite muda wa viza. Mwisho anaambiwa alete pesa nyingi ya mwanzo, au alete mtu wa kumsimamia, au aende kwa muuza magari chakavu wa pembeni atakayemkamua riba. Wanalia, na wana haki ya kulia. Mtu aliyeendesha lori kati ya Kasindi na Butembo asiambiwe kwamba hajulikani.

Lakini sikilizeni linalofuata. Huyo mgeni anachukua kadi ndogo ya benki, anaweka dhamana ya dola mia mbili au tatu, ananunua maziwa kwayo na kuilipa kila mwezi. Baada ya miezi sita mfumo wao unaanza kumpa alama. Mwaka ukiisha ana namba, na namba hiyo inamtangulia kila anapokwenda. Mfumo wenyewe una ukatili wake, sitaupamba. Maskini wa Marekani anauziwa pesa ghali kuliko tajiri. Hata hivyo mgeni mwenye viza ya muda anaandikiwa malipo yake tangu mwezi wa kwanza, na mzaliwa wa Bulengera anayelipa tangu ana miaka kumi na minane haandikiwi hata mstari mmoja. Yule ni mgeni katika nchi ya watu. Huyu wamemfanya mgeni katika mji aliokatiwa kitovu.

Sasa nawageukia wakubwa wa Butembo, na sitazungumza kwa adabu sana.

Mji huu ulijengwa kwa mkopo usio na karatasi. Nani hajui? Katika enzi za Mobutu, Kinshasa ilipokuwa haituletei hata msumari, wafanyabiashara wetu walipeleka kahawa na mboga na dhahabu, wakarudi na nguo, vipuri, mabati. Waliijua Kampala, wakaijua Mombasa, baadaye Dubai na Guangzhou. Wataalamu wa nje walikuja kushangaa na kuandika vitabu: Janet MacGaffey katika miaka ya 1980, Timothy Raeymaekers baada yake. Waliuliza, watu hawa wasio na serikali wala benki wanawezaje kujaza makontena? Jibu lilikuwa jina. Huyu ni mtoto wa fulani, wa Kyondo, mjomba wake ana duka, anasali mahali fulani, hatakimbia. Mzigo ukatoka ghalani kwa neno la mdomo, na pesa ikafuata miezi mitatu baadaye. Wale wazee hawakuonyesha historia yoyote iliyochapishwa. Walikopeshwa kwa sababu kuna mtu aliyekubali kusema, namjua.

Ni jambo zuri, na ninajivunia. Linanichefua tu pale linapofika mlangoni na kujifungia. Imani ile ile iliyomletea baba yako kontena la kwanza, leo wewe unamnyima kijana aliyekupa pesa mkononi kila jioni kwa miaka minne. Eti humjui. Unamjua! Unajua anachelewa dakika ngapi, unajua mke wake alijifungua lini kwa sababu siku hiyo aliomba asamehewe versema. Humjui kwa sababu gani? Kwa sababu ametoka Kanyabayonga Juni 2024 wakati waasi wa M23 wanaingia, kwa sababu jina la babu yake halisemi kitu katika sikio lako. Wazee wako walikopeshwa na Wahindi na Wachina ambao hata jina la Lubero hawakuwahi kulisikia.

Na tusisahau Ebola. Ugonjwa ulitangazwa tarehe 1 Agosti 2018, kule Mangina, ukamalizwa rasmi tarehe 25 Juni 2020, watu 3,470 wakiwa wameugua na 2,287 wamekufa. Katika miezi hiyo kila jeep iliyoweza kuwaka ilipata mkataba. Mashirika yalikodisha magari kwa mwezi, kwa dola, na barabara ya kilomita 54 kati ya Beni na Butembo ikajaa bendera ndogo na antena. Mwaka 2020 The New Humanitarian iliandika waziwazi juu ya biashara ya Ebola na magari yaliyokodishwa kwa bei za kupindukia. Kuna walionunua gari la pili kwa pesa ya gari la kwanza, na la tatu kwa pesa ya hayo mawili. Walitoa dhamana gani? Walionyesha historia ya mkopo ya nani? Aliyekuwa na gari alipewa mkataba, na mkataba ukampa gari jingine. Aliyekuwa na pikipiki ya watu alibeba wagonjwa nyuma ya mgongo wake bila glavu, akaja kuwekwa katika orodha ya waliokutana na mgonjwa, siku 21, na versema ikaendelea kuhesabiwa.

Ndiyo maana sikubali ninapoambiwa kwamba tatizo ni umaskini wa mji. Pesa ilipita hapa kwa magunia. Ilipita juu ya kichwa cha motari.

Serikali nayo isijifiche. Sheria ipo. Tarehe 12 Februari 2015 nchi hii ilitia saini sheria namba 15/003 juu ya kukodisha kwa lengo la kununua, ile wanayoiita kredi-bai. Maana yake ni nyepesi: kampuni inanunua chombo, mtumiaji anakilipia kodi kwa muda uliopangwa, na mwisho wa muda ana haki ya kukinunua kwa bei iliyobaki, ambayo iliandikwa tangu siku ya kwanza. Hiyo ni versema iliyovaa koti na kuwekewa mwisho! Sheria imepita miaka kumi. Mnaopanda pikipiki kila asubuhi kwenda sokoni, muulizeni dereva kama amewahi kuisikia. Benki Kuu ina daftari lake la kufuatilia mikopo, lakini ndani yake wanaingia waliokwisha kukopeshwa na benki au kooperative. Aliyekataliwa mlangoni hawezi kuandikwa humo hata alipe vipi, na kwa kuwa hakuandikwa atakataliwa tena mlangoni. Nani aliyekaa chini akafikiri akatunga mzunguko kama huu?

Zamani tulikuwa tunaambiwa kila faili liko Goma. Mnajua yaliyotokea: mwisho wa Januari 2025 Goma ilianguka mikononi mwa M23, benki za huko zikafunga milango, na utawala wa mkoa ukahamia Beni chini ya Jenerali Evariste Somo Kakule. Basi faili haliko mbali tena. Gavana yuko hapo, kwa pikipiki ni dakika chache kutoka rond-point, na anayempeleka mgeni wake ofisini ni motari wa versema. Hali ya kuzingirwa, huu utawala wa kijeshi wa tangu Mei 2021, imetuzoesha amri za kutukataza: pikipiki zisitembee usiku, hapa msipite, pale msisimame. Tunaomba safari hii amri moja ya kuruhusu.

Najua watakachonijibu wenye pikipiki, nimekisikia mara nyingi. Vijana wanaiba. Mtu anachukua pikipiki Jumatatu, Jumanne yuko Komanda, Jumatano Bunia, hutamwona tena. Na vita je? Pikipiki ikichomwa njia ya Oicha, nani atalipa?

Hoja hiyo ina uzito, siifuti kwa mkono. Wezi wapo. Ila fikirini kwanza: kijana wa versema anakimbia na pikipiki kwa nini? Hata akiitunza miaka sita haitakuwa yake, kwa hiyo akikimbia hapotezi chochote isipokuwa bosi. Mpe pikipiki yenye karatasi, aliyokwisha kuilipia nusu ya bei, na mwezi hadi mwezi anaona mwisho unakaribia. Huyo atalala nayo chumbani. Kuhusu vita, tuambiane ukweli nani anabeba hasara leo. Motari akiporwa saa mbili usiku mtaa wa Vungi, ikiwa ameponea, anaanza kuilipa pikipiki ambayo haipo. Akiuawa, bosi amepoteza chuma na mke amepoteza mume. Hatari yote ya barabara ya Mbau imewekwa juu ya yule ambaye hana haki hata ya skrubu moja, halafu tunasema mwenye mali ndiye aliyejitosa.

Kwingine wamejaribu, na jua bado linachomoza. Tanzania kuna pikipiki ya mkataba: dereva na mwenye chombo wanaandikiana kiasi na muda, muda ukiisha chombo kinabadilisha jina. Wanagombana, ndiyo, wapo wanaovunja mkataba pande zote mbili, lakini kitu kina mwisho. Kampala, tangu 2012, kampuni ya Tugende inawakodishia waendesha boda pikipiki wanazozilipia kidogo kidogo mpaka zinakuwa zao, na kulipa vizuri kunamfungulia dereva mkopo unaofuata. Kampala ni jirani. Sabuni tunayooga imepita huko. Nairobi nako kuna kampuni nyingi za namna hiyo, na nawatahadharisha mapema: huko madereva wanalalamika kwamba riba inameza bei, na ukikosa juma moja pikipiki inazimwa kwa mtambo au inanyakuliwa kituoni mbele ya watu. Tusilete hapa tajiri mpya mwenye simu badala ya tajiri wa zamani mwenye lango. Bei yote, kuanzia franka ya kwanza mpaka ya mwisho, iandikwe siku ya kwanza, na aliyelipa robo tatu asinyang'anywe kwa juma moja la malaria.

Kooperative zetu zina aibu ya peke yake, kwa sababu zilizaliwa kwa ajili ya watu hawahawa. Benki kubwa za Kinshasa sikuzitarajia. Kooperative ya akiba na mkopo, iliyoanzishwa na wakulima na mapadri na walimu wa milima hii, inaiga benki katika mambo ya kipuuzi tu. Motari ana likelemba, mchango wa zamu, na wenzake wa kituo. Mke wake yuko katika AVEC, kikundi cha akiba chenye sanduku la kufuli tatu, anakopa na kurudisha kila baada ya miezi michache, katibu anaandika kila kitu katika daftari. Hiyo ni historia ya mkopo iliyokamilika, yenye tarehe, saini na mashahidi ishirini. Afisa wa mkopo hajawahi kuifungua. Anataka karatasi ya parsele.

Chama cha wamotari nacho? Kinachojua kumtoza mtu pesa ya kituo kila siku kinajua jina lake, sura yake na siku alizokosa. Viongozi wanaweza kumtolea kijana barua: huyu amefanya kazi miaka mitatu, pikipiki tatu, hakuna aliyoipoteza. Barua moja yenye muhuri. Badala yake mihuri inakaa kabatini ikingoja uchaguzi wa chama, na kwenye uchaguzi ndipo tunasikia maneno matamu.

Ninachotaka hakihitaji mradi wa Umoja wa Mataifa wala semina hotelini. Kila versema iandikwe. Iandikwe katika madaftari mawili, moja la bosi na moja la kijana, kila jioni saini mbili. Au ipite kwa M-Pesa, Airtel Money au Orange Money, ambako kila senti inaacha alama na tarehe. Kila mapatano ya pikipiki yafanywe kwa maandishi mbele ya chama au mbele ya mkuu wa mtaa, na yataje jumla ambayo ikifika, chombo kinahama. Kooperative zikubali daftari la miezi kumi na miwili kuwa dhamana sawa na parsele, kuanzia na mikopo midogo. Gavana na mameya wa miji hii miwili walazimishe hilo, kwa kuwa wanajua kulazimisha mengine yote. Bosi atakayekataa kutia saini atakuwa amejitaja mwenyewe.

Na wewe motari, wewe ninayekuandikia kuliko wote, ukiwa Matonge au Kambali umesimama ukingoja abiria. Usingoje gavana. Daftari la kurasa mia linauzwa sokoni kwa bei ya glasi mbili za mafuta ya barabarani. Linunue leo. Jioni, kabla hujatoa pesa, toa kwanza daftari na kalamu, mwambie bosi kwa heshima zote atie saini. Akikuuliza sababu, mwambie umechoka kulipa bila kuandikwa. Akikataa, andika mwenyewe mbele ya wenzako wawili wa kituo nao watie saini zao. Mwaka ukiisha nenda nalo katika kooperative, nendeni ishirini kwa siku moja, muyaweke juu ya meza madaftari ishirini, muulize tena hilo swali la historia.